Siku za Makka zimegongana na hedhi yangu, na Mama magoti hayamwezi

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni mke wa mtu, umri wangu miaka 36, naishi Tanga. Mwezi ujao, Mungu akijaalia, nakwenda Umra na mama yangu mzazi mwenye miaka 68. Sote wawili ni mara ya kwanza. Tumejiandikisha kwenye msafara wa siku kumi: tunashuka Jeddah usiku, tunapelekwa Makka moja kwa moja, tunalala siku tano, kisha Madina siku nne, tunarudi.

Nimepiga hesabu ya siku zangu nikaishiwa nguvu. Hedhi yangu inaangukia siku ileile ya safari, na huwa inakwenda siku saba kamili. Maana yake Makka nitaiona na kuiacha bila kutufu, yaani bila kufanya tawafu ya kuizunguka Kaaba. Shoga yangu ananiambia nimeze vidonge, mwingine anasema siku hizi kuna fatwa ya kutufu hivyohivyo kwa dharura.

Pili, mjomba aliyewahi kwenda anasema tusihangaike na ihramu kwenye baridi ya ndege, tutavalia Jeddah tukishatua. Tatu, Mama magoti yanamsumbua, hatua mia tu anatafuta pa kukaa. Nasikia saayi peke yake, ile ya kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, ni kilomita kadhaa. Akikaa kwenye kiti cha magurudumu na mimi nikamsukuma, Umra ni ya nani? Mwisho, Baba alifariki bila kufika Makka. Mama anataka siku moja twende msikiti wa Bi Aisha tumfanyie Umra yake, na ikiwezekana tumchanganye na bibi humohumo.

Naombeni mnielekeze, maana kila ninayemuuliza ana lake.

Binti Pwani, Tanga

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullah. Dada, kabla ya fiqhi, chukua simu leo umpigie amiri wa msafara wenu, tiketi zikiwa bado hazijatoka, umwombe jambo moja: Madina ianze, Makka ifuate. Misafara mingi inakwenda hivyo na ndege za kushuka Madina zipo. Hilo likikubaliwa, maswali yako mawili ya kwanza yanakuwa mepesi kwa pamoja.

Tazama hesabu. Hedhi ikianza siku ya kwanza na kukaa siku saba, siku ya nane asubuhi umeshakoga. Kwa ratiba mliyopewa, siku hiyo uko Madina na Makka umeshaipa mgongo. Ukianza Madina unaingia Makka siku ya tano, unasubiri siku tatu, na siku ya nane na ya tisa zote ni zako. Gharama yake ipo, tusikufiche: Madina utakuwa huswali, na Raudha, ile sehemu tukufu ndani ya Msikiti wa Mtume, hutaingia hata kama ulishapata miadi yake kwenye programu ya Nusuk. Mtume (s.a.w.) utamtolea salamu kutokea nje ya msikiti. Lakini ziara ya Madina si sehemu ya Umra. Ukiikosa Raudha hudaiwi kitu, ila tawafu usipoifanya huna Umra.

Umra yenyewe ni fupi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi nguzo zake ni ihramu, yaani kutia nia, kisha tawafu, saayi, na kunyoa au kupunguza nywele, kwa mpangilio huohuo. Mtu mzima wa afya, watu wakiwa si wengi, anamaliza kwa saa mbili au tatu. Hasara karibu zote zinatokea pembezoni: mtu amepita mikati (mpaka wa kutilia nia kabla ya Makka) bila nia, au ametia nia kisha akajivua katikati kwa kuona mambo yamemshinda.

Hilo la pili ndilo la kuogopa zaidi. Ukishatia nia ya Umra huwezi kuifuta kwa kubadili nguo. Mwanamke aliyetia nia, hedhi ikamzuia, akapanda ndege kurudi kwao, bado yumo ndani ya ihramu akiwa jikoni kwake: manukato haramu, mumewe haramu, mpaka arudi kukamilisha au ajitoe kwa njia ya sheria. Kuna wanaokaa hivyo miaka bila kujua.

Kwa hiyo mtakapotoka Madina, kwenye mikati ya Dhul-Hulayfa, ambayo madereva wanaiita Abyar Ali, utafanya kama wenzako: utakoga josho la ihramu hata ukiwa na hedhi, utajifunga pedi vizuri, utatia nia na kuanza talbia (Labbayka Allahumma labbayk). Ila zile rakaa mbili za ihramu usiziswali. Bi Aisha ndiye mfano wako. Katika Hija ya mwaka wa 10 Hijria alipata hedhi walipofika Sarif, karibu na Makka, akawa analia. Mtume (s.a.w.) akamwambia hilo ni jambo Allah amewaandikia mabinti wa Adam, afanye yote anayofanya mwenye kuhiji isipokuwa asitufu Nyumba mpaka atwaharike. Basi ukifika Makka unabaki hotelini na ihramu yako. Saayi haina sharti la twahara, lakini haitangulii tawafu, kwa hiyo nayo inangoja.

Wakati wa kutia nia ongeza sharti, maneno ambayo Mtume (s.a.w.) alimfundisha Dhubaa bint Zubeir alipokuwa mgonjwa: *Allahumma mahillii haithu habastanii*, Ewe Mola, mahali pa kujivua kwangu ni pale utakaponizuia. Ukishaweka sharti hilo, hedhi ikagoma na ndege ikawa haikungoji, unajivua bila kuchinja, na masheikh wengi wa zama hizi wanaihesabu hedhi kuwa kizuizi halali kwa hilo. Ila fahamu linakupa nini: linakutoa kwenye ihramu. Umra unakuwa hujaifanya, na kama ndiyo ya faradhi bado uko nayo shingoni. Kwetu Shafi, na kwa Hanbali pia, Umra ni faradhi mara moja katika umri.

Amiri akikataa kupindua safari, bado kuna mlango. Tia nia kwenye ndege kama wengine, nenda nao Madina ukiwa ndani ya ihramu, na ukitwaharika siku ya nane panda treni ya Haramain inayounganisha Madina, Jeddah na Makka. Inachukua saa mbili na ushei. Fanya Umra yako, kisha ondokea Jeddah. Hakikisha tu tiketi yako ya kurudi si ya kutokea Madina.

Vidonge vinaruhusiwa maadamu havikudhuru, lakini usivichukue kwa shoga. Vinavyotumika sana ni norethisterone, na kawaida huanzwa siku tatu hivi kabla ya tarehe ya hedhi, mara tatu kwa siku, kwa saa zilezile. Mwenye historia ya damu kuganda au ugonjwa wa ini hapewi, kwa hiyo daktari kwanza. Wanaoharibikiwa ni wanaoanza usiku wa kuamkia safari, au wanaosahau dozi kwa sababu saa zimevurugika uwanjani: yanatoka matone, halafu hawajui ni hedhi au si hedhi. Katika Shafi damu ambayo jumla yake haikufikia saa 24 ndani ya siku 15 si hedhi, kwa hiyo andika saa iliyoanza na iliyokatika. Ukiona tone usitufu hapohapo. Subiri ikatike, koga, umweleze sheikh wa msafara ulivyoandika.

Ile fatwa ya dharura ipo, hatuikatai. Lakini iliposemwa na wanazuoni waliotajika, mazungumzo yalikuwa juu ya tawafu ya nguzo ya Hija kwa mwanamke ambaye msafara unamwacha na njia ya kurudi hana. Wewe uko Tanga, una simu mkononi na tiketi haijakatwa. Dharura hiyo huijui bado.

Na hedhi ikikushukia njiani? Ikija ukiwa umemaliza mizunguko saba, endelea na saayi na upunguze nywele, Umra yako imetimia. Ikija katikati ya mizunguko, toka. Ukitwaharika rudi; Shafi wanakuruhusu kuendelea ulipoishia, ingawa kuanza upya ni salama zaidi.

Sasa mjomba. Jeddah iko ndani ya mikati kwa msafiri anayetoka kwetu. Aliyekusudia Umra akatua Jeddah bila nia ameshaipita mpaka, na hapo ana mawili: arudi mikati atie nia kabla hajaanza tawafu, au atie nia alipo na kuchinja mbuzi huko Makka akagawiwa masikini wa hapo. Asiyeweza kuchinja anafunga siku kumi. Wewe na Mama hamna cha kuvaa chenye masharti makubwa, nguo zenu za stara ndizo ihramu yenu. Kilichokatazwa ni nikabu na glavu. Kwa hiyo “baridi ya ndege” si hoja kwa mwanamke hata kidogo. Nia tu. Rubani kwa kawaida hutangaza mkikaribia, lakini usimtegemee, watu husinzia. Ihramu iliyotangulia mikati kwa saa nzima inasihi, iliyochelewa dakika moja inadaiwa mnyama. Wanaume wa msafara wavae zile shuka mbili tangu uwanja wa mwisho wa kubadilisha ndege. Kuvua suruali ndani ya choo cha ndege na foleni iko mlangoni si jambo la kumtakia mtu.

Mkianza Madina yote hayo ya ndege hayapo. Mnapanda kama wasafiri wengine, na mikati yenu ni Dhul-Hulayfa. Tahadhari moja: basi husimama kwenye msikiti wa mikati, treni haisimami. Mkipanda treni, kogeni na kujiandaa hotelini, na nia itiwe inapong'oka tu stesheni.

Kuhusu Mama, msimuonee aibu kukaa kitini. Saayi mara saba kati ya Safa na Marwa ni kama kilomita tatu, na kuna mtu husahau kwamba kwenda ni moja na kurudi ni mbili. Akihesabu kwenda na kurudi kuwa moja, anatembea mara kumi na nne. Inaanzia Safa na kuishia Marwa. Ukijikuta unamalizia Safa, umekosea hesabu. Viti vya magurudumu vinapatikana hapohapo Msikiti wa Haram, vipo vya kuazima na wapo wasukumaji wa kulipwa waliosajiliwa. Patana bei kabla Mama hajakaa, na uulize kama ni ya tawafu pekee au na saayi. Orofani kuna pia vigari vya umeme. Viti vingi hupelekwa orofa za juu, ambako mzunguko mmoja ni mrefu mara kadhaa kuliko wa chini, kwa hiyo anayesukuma awe na mgongo. Kwenye saayi kuna njia ya katikati iliyotengwa kwa viti.

Umra ni ya nani? Wewe ukiwa na udhu na nia yako, na Mama ana udhu na nia yake, tawafu inahesabika kwa wote wawili. Mgongano wa wanafiqhi uko kwa anayembeba mtu mwilini, si kwa anayesukuma kiti. Jihadhari na jambo moja dogo: Kaaba iwe kushoto kwa Mama hatua zote. Watu humgeuza mzee kitini aitazame Kaaba au apigwe picha huku kiti kinaendelea kwenda. Hatua zile hazihesabiki. Simamisha, atazame, mrudishe sawa, endelea. Na Mama asikungoje wewe utwaharike. Akifika Makka amalize yake usiku uleule au asubuhi yake, na mwanamke mwingine wa msafara pamoja na msukumaji.

Hapa inakuja taabu ambayo vitabu vya mfukoni vinaipita haraka. Sisi Shafi tunasema ngozi ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu ikigusana udhu umetenguka. Pale chini kwenye mataf, uwanja wa kutufia, haiwezekani kumaliza mizunguko saba bila mkono wa mtu kukupitia, na glavu umekatazwa. Vaa mikono mirefu inayovuka vidole, vaa soksi (zinaruhusiwa kwa mwanamke), tufu ukingoni au juu. Kuguswa kukizidi, masheikh wetu wamekuwa wakiwaambia mahujaji tangu zamani wafuate kauli ya kwamba kugusana bila matamanio hakutengui. Ichukue kabla hujaanza, usiitafute mzunguko wa tano ukiwa umechanganyikiwa. Anayerudi kutawadha kila akiguswa hamalizi, na akimaliza hakumbuki alihesabu ngapi. Ukiwa na shaka ni nne au tano, shika nne.

Kutufu kwenyewe: anzia usawa wa Jiwe Jeusi, kuna taa ya kijani ukutani mkabala nalo. Nyoosha mkono wa kulia kuliashiria, sema Allahu Akbar, songa. Talbia inakomea hapo. Usikatize ndani ya Hijri Ismail, ile nusu duara yenye ukuta mfupi. Ni sehemu ya Kaaba, na mzunguko uliopita ndani yake haukuizunguka Nyumba. Jiwe na kuta za karibu hupakwa uudi na watu, ukigusa unatoka na harufu mkononi wakati bado umo ndani ya ihramu. Kuashiria kwa mbali kunatosha. Mwanamke hapigani mieleka kubusu jiwe.

Kuhusu manukato, mitego iko mahali usipopadhania. Vitambaa vya maji wanavyogawa kwenye ndege vina marashi. Sabuni ya hoteli ina marashi. Ile dawa ya kuchua ya magoti ya Mama, isome: nyingi zina kafuri, na kafuri kwa wanazuoni wetu ni katika manukato. Mtafutieni isiyo na kafuri kwa muda ule tu. Mafuta ya nazi nayo, hata yasiyo na harufu, Shafi hawataki yapakwe kwenye nywele za kichwa. Wewe unayekaa siku tatu ndani ya ihramu ukingoja twahara, suka nywele kabla ya kutoka Madina, maana kuzichana ni kuzing'oa. Aliyejipaka kwa kusahau au kutojua hana fidia, aoshe tu. Aliyekusudia anachagua: mbuzi, au kufunga siku tatu, au kulisha masikini sita nusu pishi kila mmoja.

Umra ya Baba inafaa, maana alikufa bila kuifanya, na mtu yeyote anaweza kumfanyia mradi awe ameshatimiza yake mwenyewe. Umra moja lakini ni ya mtu mmoja. Baba na bibi hawaingii humo pamoja, kila mmoja na safari yake. Utatoka mpaka Tan'im, kwenye msikiti wa Bi Aisha, kama kilomita saba au nane kutoka Haram. Hapo ndipo Mtume (s.a.w.) alipomtuma Bi Aisha na kaka yake Abdurrahman baada ya ile Hija. Utatia nia kwa jina la Baba, kisha ni yote tena tangu mzunguko wa kwanza hadi mkasi. Tungekuomba uifanye wewe siku ya tisa, Mama abaki na magoti yake. Bibi muombee dua kwenye tawafu. Kuna misafara inayowakimbiza watu Tan'im kila siku mpaka Umra saba kwa wiki, na sisi hatuoni raha nayo. Wengi katika waliotangulia walipendelea mtu abaki Haram akitufu.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo mpate zisipopungua siku kumi kabla ya kufika Saudia, na cheti mkiweke pamoja na pasipoti. Mfukoni mwa Mama tia kadi ya hoteli yenye jina kwa Kiarabu, na mkubaliane lango moja kwa namba mkipotezana. “Pale mlangoni” kuna milango mingi mno. Mkasi uweke kwenye begi la kupakia chini ya ndege, wa mkononi wataunyang'anya. Nywele mkatiane wenyewe chumbani, kiasi cha ncha ya kidole, msizifunulie pale Marwa mbele ya watu. Kwa Shafi hata nywele tatu zinatosha, ila chukueni ncha zote, mtoke kwenye hitilafu.